Kioo kimoja kwa kila kitu

Kuna sentensi moja naisikia kila mahali siku hizi na mi mwenyewe naitoa sana: "kuna sehemu nilisoma..." Alafu mtu anakwama. Sehemu gani? Hajui. Nani kaandika? Hajui. Ilikuwa makala, ilikuwa posti ya mtu, ilikuwa video yenye maandishi yanapita chini? Hajui, ila ana uhakika aliisoma na tena ilimgusa, na ukimletea ile makala yenyewe sasa hivi ataruka "ndo hiyohiyo!" kabla hajamaliza mstari wa pili. Yani kitu kipo kichwani, hakijafutika, ila kukivuta bila msaada ndo hakiji. Hiyo tofauti ya kukitambua kitu ukiletewa na kukivuta mwenyewe naomba uishike, nitaihitaji huko chini.

Jibu la haraka ambalo watu hutoa ni kwamba simu zimetuharibu ubongo, umakini umekufa, siku hizi binadamu kazidiwa hata na samaki wa kwenye tenki, eti samaki sekunde 9 sisi 8. Hii ya samaki jamani tuizike leo. Ilisambaa sana 2015 kupitia ripoti ya Microsoft Canada iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa matangazo, na wao waliitoa kwenye tovuti ya takwimu, na waandishi wa habari walipokuja kufukua hawakukuta utafiti wowote chini yake. Na huyo samaki mwenyewe anasingiziwa, wanasayansi wamemtumia miaka na miaka kwenye majaribio ya kumbukumbu kwa sababu anafundishika vizuri tu. Alafu mtu huyohuyo anayeambiwa umakini wake ni sekunde 8 anakaa anaangalia tamthilia mfululizo hadi kunakucha, sasa umakini umekufa wapi hapo?

Mi naona kilichopotea zaidi ni mahali. Zamani kila jambo lilikuwa na sehemu yake, gazeti lina ukubwa wake na harufu yake, kitabu kina uzito wake, barua inafika kwa bahasha, kazi iko ofisini, maongezi yako barazani, darasa liko darasani. Sasa hivi vyote vimehamia kwenye kioo kimoja cha inchi sita, unakishika kwa mkono uleule, unakisogeza kwa dole gumba lilelile, na habari ya msiba inakuja na umbo lilelile la tangazo la viatu. Kumbukumbu ya binadamu haikuzoea hivo. Yenyewe inahifadhi jambo pamoja na vitu vilivyolizunguka, na wakati wa kulitafuta inavishika hivohivo vya pembeni na kuvuta.

Jaribio maarufu kuliko yote hapa ni la wazamiaji. Mwaka 1975 Duncan Godden na Alan Baddeley waliwachukua wanachama wa klabu ya kuzamia ya chuo, huko Uskoti, wakawasomea orodha ya maneno 36 yasiyohusiana, mara wakiwa nchi kavu wamekaa, mara wakiwa chini ya maji na mitungi yao mgongoni, alafu wakawataka wayataje, wengine palepale walipojifunzia na wengine upande wa pili. Waliojifunza majini walikumbuka vizuri zaidi wakiwa majini, wa nchi kavu hivohivo wakiwa nchi kavu. Picha ya jaribio ni tamu sana ndo maana iko kwenye kila kitabu cha saikolojia. Ila mtu akikusimulia hii mwambie amalizie na mengine mawili: kwanza mwaka 2021 mtafiti Jaap Murre na wenzake waliirudia majini kabisa na hawakupata matokeo yale, na pili Godden na Baddeley wenyewe mwaka 1980 walijaribu tena ila safari hii badala ya watu kutaja maneno toka kichwani wakaonyeshwa maneno waseme lipi walilisikia na lipi hawakulisikia, na hapo sehemu haikuleta tofauti yoyote.

Hilo la 1980 ndo linanivutia mimi kuliko hata la kwanza. Kwa sababu linasema mazingira yanakusaidia pale ambapo huna kitu kingine cha kushika. Ukiletewa neno, neno lenyewe ni mshikio tosha, hauhitaji kukumbuka ulikuwa majini. Ukiachwa mwenyewe na kichwa chako ndo unahitaji pembeni pembeni: chumba, mwanga, nani alikuwa anakohoa. Na hiyo ni ileile hali ya "kuna sehemu nilisoma", kutambua kuko sawa, kuvuta kumekufa, maana pembeni hakuna kitu. Pembeni ni kioo.

Au niseme vizuri, pembeni kuna kioo ambacho kimeshikiza vitu elfu. Kuna kanuni wanaiita kuzidiwa kwa kikumbusho, Olga na Michael Watkins waliiandikia 1975: kitu kinachokukumbusha jambo moja ni kikumbusho kikali, kitu kinachokukumbusha mambo mia hakikukumbushi lolote. Fikiria ufunguo mmoja una kibandiko chekundu, unaujua mara moja, sasa bandika vyekundu funguo zote. Simu ndo kibandiko hicho. Ukisema "nilikuwa kwenye simu" hujapunguza chochote, ulikuwa kwenye simu ukisoma, ukilipa bili, ukigombana na shemeji, ukiangalia goli.

Na inakula upande wa pili pia, na hapa ndo umakini unapoingia. Kikumbusho hakisubiri ukiite. Ukiichukua simu ili usome sura moja ya kitabu, mkono wako umeshika kitu ambacho kwa kichwa chako kinamaanisha pia meseji ambayo haijajibiwa, bosi, mechi, yule mtu aliyekaa kimya tangu juzi. Hakuna notifikesheni hata moja iliyolia na tayari umeshavutwa. Mwaka 2017 Adrian Ward na wenzake walichapisha majaribio ambayo watu karibu 800 walifanya kazi za kufikiri simu zao zikiwa mezani zimelazwa kifudifudi, au kwenye begi, au chumba kingine, na wa chumba kingine wakafanya vizuri kuliko wa mezani. Waliorudia baadaye wamepata majibu mchanganyiko, wengine wameona kitu wengine hawajaona, kwa hiyo sitakuapia kwamba simu iliyolala mezani inakunywa akili. Kwangu mimi naiacha chumba kingine na sababu yangu ni ya kijinga tu, ikiwa mbali inabidi niinuke, na kuinuka nina uvivu.

Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine amefanya kazi ya kukaa na watu maofisini akipima wanakaa muda gani kwenye kitu kimoja kwenye skrini kabla hawajahama. Mwaka 2004, enzi hizo akitumia saa ya kubonyeza, ilikuwa wastani wa dakika mbili na nusu. Vipimo vya miaka ya karibuni ni kama sekunde 47. Watu wakisikia hiyo wanarudi kwenye samaki, "si unaona!", ila soma vizuri, hicho ni kipimo cha tabia ya kuhama mahali pale ambapo kuhama ni kubonyeza kitu kilichoko sentimita mbili toka kidole chako. Na katika kazi zake aligundua watu wanajikatiza wenyewe karibu sawa na wanavyokatizwa na wengine. Hiyo mi inanichekesha na kunitisha kwa pamoja: ukizima kila kengele bado umebaki na mkatizaji mkubwa ambaye ni wewe.

Sasa twende kwenye kurasa maana hapa nina ushahidi wa macho yangu. Niliposoma biolojia kwa kitabu cha karatasi, mchoro wa figo ulikuwa ukurasa wa kushoto, chini, na pembeni yake mtu aliyekitumia kitabu kabla yangu alichora mshale wa wino wa bluu kuelekea kwenye mrija mmoja akaandika "MUHIMU!!" herufi kubwa na kalamu imetoboa karatasi kidogo kwenye alama ya mshangao. Mpaka leo ukiniuliza maji yanarudishwaje kwenye damu kabla ya jibu kuja unakuja kwanza ule ukurasa, kushoto, chini, wino, katundu. Hii sio mimi tu, Ernst Rothkopf mwaka 1971 alionyesha kwamba watu wakisoma maandishi wanakumbuka jambo lilikuwa wapi kwenye ukurasa, juu au chini, bila hata kuambiwa waangalie hilo, na waliokumbuka sehemu kwa usahihi walielekea kukumbuka na jambo lenyewe.

Kwenye simu hakuna kushoto chini. Maandishi yanapita. Sentensi iliyokuwa juu sasa hivi ikifika katikati tangazo linafunguka inarukia chini, ukigeuza simu kila kitu kinajipanga upya, ukiongeza ukubwa wa herufi ukurasa wa 40 unakuwa wa 63. Jambo lina maneno ila halina anwani. Naona ndo sababu hata PDF iliyofungwa kurasa kwenye laptopu inanikaa kichwani kuliko makala ya kuskroli, japo zote ni skrini.

Na utafiti wa karatasi dhidi ya skrini upo mwingi. Pablo Delgado na wenzake mwaka 2018 walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakakuta karatasi inashinda kwa kiasi kidogo katika kuelewa, tofauti inakua pale msomaji anapokuwa na muda mdogo na pale anaposoma maandishi ya maarifa, lakini kwa hadithi tofauti haikuonekana. Hilo la hadithi ni zuri maana linaleta swali, kwa nini hadithi isiumie? Mi jibu langu (langu, sio lao) ni kwamba hadithi inakuja na mahali pake ndani, ina nyumba, ina barabara, ina mtu amesimama mlangoni ananyeshewa, kwa hiyo hata ukiisomea kwenye kioo kidogo kabisa kichwa chako kina pa kuitundika. Sura ya uchumi haina mlango wala mvua.

Milango nayo ina habari yake. Unajua ile unatoka chumbani kwenda jikoni kuchukua kitu, ukifika jikoni unasimama katikati kama umetumwa na mtu asiyekuambia kitu? Gabriel Radvansky wa Chuo Kikuu cha Notre Dame na wenzake mwaka 2011 waliwatembeza watu, kwenye vyumba vya kubuni ndani ya kompyuta na kwenye vyumba vya kweli, wakiwa wamebeba vitu, na waliopita mlangoni walisahau zaidi kuliko waliotembea umbali uleule bila kupita mlango. Wengine walipojaribu tena 2021 wakaona inatokea hasa kichwa kikiwa na mzigo tayari. Maelezo yake ni kwamba ubongo unaikata siku vipande, na mlango ni mahali pa kukatia, cha chumba cha nyuma kinafungwa kifungashio chake na kinawekwa kando.

Inaonekana kama hasara lakini bila hiyo mikato siku nzima inakuwa donge moja. Na sasa angalia kuskroli kusiko na mwisho, ambako mbunifu wa programu Aza Raskin alikubuni 2006 na baadaye akasema hadharani anajutia. Kabla ya hapo ulikuwa ukifika chini ya ukurasa kuna namba 1, 2, 3, unabonyeza, unasubiri, na katika kusubiri kule unaweza hata ukakumbuka una watoto. Namba 2 ilikuwa mlango. Wakaung'oa ili usipoteze sekunde, na kweli hupotezi sekunde, unapoteza saa mbili na ukiulizwa umeona nini unataja labda kitu cha mwisho na kimoja kilichokuudhi.

Lakini sio kila kitu cha simu ni hasara na hapa mi natofautiana na watu wanaotaka turudi kwenye makaratasi tu. Chukua kupiga picha. Linda Henkel mwaka 2014 aliwatembeza wanafunzi kwenye jumba la makumbusho, vitu vingine wavitazame tu vingine wavipige picha, na walivyovipiga picha walivikumbuka vibaya zaidi kuliko walivyovitazama tu. Vichwa vya habari viliishia hapo. Ila kwenye jaribio lake la pili kuna waliosogeza kamera wakakuza sehemu moja ya kitu, na hao kumbukumbu haikushuka. Kamera ileile! Kilichobadilika ni kwamba ulilazimika kuchagua jicho au mkono wa sanamu, yani ulitazama. Naona ni hivohivo kwa skrinishoti. Ukipiga skrini nzima umejipa ruhusa ya kusahau, ukikata kipande kimoja cha mistari miwili ukaandika juu yake kwa nini umekitaka, angalau kimepita kichwani.

Na kuna wakati kusahau ndo unachotaka. Ule utafiti wa 2011 wa Betsy Sparrow, Jenny Liu na Daniel Wegner, kwamba tukijua taarifa imehifadhiwa kwenye kompyuta hatujisumbui kuikumbuka, unatajwa sana kama msiba (jaribio lake moja lilirudiwa baadaye na wengine na halikutoa matokeo yale, litaje na hilo). Lakini mwaka 2015 Benjamin Storm na Sean Stone walionyesha upande wa pili: watu waliohifadhi faili la kwanza kabla ya kusoma la pili walilijifunza la pili vizuri zaidi. Umetua mzigo, mkono uko wazi. Mi namba za simu sizikumbuki na sina huzuni yoyote, ninachogombania ni kile ninachotaka kufikiri nacho, maana hicho huwezi kukifikiri kikiwa kwenye faili.

Sasa wanafunzi wananiulizaga, nisomee sehemu moja au nihame hame? Wengi wameambiwa uwe na meza yako moja tulivu, na kwa umakini ni kweli inasaidia, ukikaa pale mwili unajua kazi imeanza. Kwa kumbukumbu ni habari nyingine. Steven Smith, Arthur Glenberg na Robert Bjork mwaka 1978 waliwapa watu orodha ileile ya maneno wajifunze mara mbili, kundi moja kwenye chumba kilekile mara zote, kundi lingine vyumba viwili tofauti, alafu wakajaribiwa mahali pengine kabisa. Wa vyumba viwili walikumbuka zaidi, na sio kidogo. Ukisoma jambo sehemu moja tu linaweza kunata pale, ukilisoma sehemu mbalimbali linapata mishikio mingi na halitegemei ukuta fulani. Na kama chumba cha mtihani huwezi kukisogelea kabla, Smith huyohuyo alikuta 1979 kwamba kukaa ukarudisha kichwani picha ya chumba ulichojifunzia kunafanya kazi karibu sawa na kuwepo mle. Ronald Fisher na Edward Geiselman walitumia wazo hilo miaka ya 1980 kutengeneza njia ya kuhoji mashahidi ambayo polisi wa nchi kadhaa wanaitumia, wanaanza kwa kumwambia shahidi arudi kwanza pale, hali ya hewa, sauti, alikuwa anajisikiaje, ndo waende kwenye tukio. Ukikwama kwenye mtihani jaribu, usikodolee swali, rudi kwenye kiti ulichokaa ukisoma.

Nimeona pia kwamba vitu ninavyovisikiliza nikitembea vinanikaa ajabu. Kuna mada ya namna bahari inavyobeba joto ambayo naikumbuka kwa kona, hapa kwenye nguzo iliyoinama ndo alipoeleza maji ya chumvi yanavyozama, nikivuka ndo akaanza kuelezea barafu. Ni simu ileile, ila iko mfukoni, macho yako kwenye dunia yenye kushoto na kulia.

Ila mahali peke yake hapatoshi, usije ukahama viti kumi huku unafanya kitu kilekile cha bure, ambacho ni kusoma tena na tena. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke 2006 waliwapa wanafunzi maandishi mafupi, kundi moja likasoma mara mbili, lingine likasoma mara moja kisha likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliosoma mara mbili walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki mambo yakageuka, 42 kwa 56. Hizo dakika 5 ndo zinazotudanganya wote, maana mtu anapima kujua kwake akiwa bado ana joto la kusoma. Na kila programu ya kusomea imejengwa kukupa lile joto, rangi ya kijani, hongera, endelea.

Hizi roboti za kuchati nazo zimefanya kile kioo kimoja kiwe kisanduku kimoja. Swali la fizikia, la ngozi, la mkataba wa nyumba, yote yanaandikwa palepale na kujibiwa kwa sauti ileile na aya zilezile zilizopangwa vizuri, na wiki ijayo kumbuka kama unaweza ipi ilikuwa ipi. Mi nimeacha kuzitumia kunieleza sura niliyosoma. Nafunga kitabu, nazunguka nyumba, narudi naandika ninachokumbuka kwenye karatasi kwa mwandiko mbaya, ndo naiambia iniulize maswali na isinipe jibu mpaka nimejaribu. Inakubali vizuri sana, ila ukionyesha umekwama kidogo tu inakuhurumia na kukumwagia jibu lote, inabidi kila mara niandike tena, kwa herufi kubwa, USINIAMBIE.